Mzizi Ulioipa Rangi Jina

  Mliomo jikoni, mliomo safarini, na wewe uliyeiweka redio kando ya cherehani, karibuni tuzungumze.

Nianze na jambo dogo la lugha. Umewahi kuyachunguza majina ya rangi zetu? Kijani kimetoka kwenye jani. Kahawia imetoka kwenye kahawa. Rangi ya machungwa ni machungwa yenyewe. Manjano ni ile bizari, ambayo mama akiitia kwenye mchuzi vidole vyake vinabaki na rangi hadi kesho. Na zambarau? Zambarau ni tunda, na ukizila kwa siri ulimi unakushtaki.

Wajapani nao wamefanya hivyohivyo. Rangi ya zambarau wao wanaiita murasaki, na murasaki ni jina la mmea. Si tunda, ni mmea mdogo wa mbugani unaokufika magotini au kupita kidogo, wenye maua madogo meupe. Hapo sikilizeni vizuri: maua ni meupe. Ungeupita njiani wala usingegeuka. Zambarau yake yote imejificha chini ya ardhi, kwenye ganda la mzizi. Wataalamu wanauita *Lithospermum erythrorhizon*, na hilo jina la pili maana yake ni mzizi mwekundu.

Leo nataka tuuzungumzie mmea huo, kwa sababu tatu. Umetia watu rangi, umetibu watu, na sasa unatoweka. Halafu kuna kisa cha maabara, ambacho ndicho hasa kilichonileta hapa leo. Maabara imefanya na mmea huu jambo kubwa sana, na baada ya jambo hilo kubwa, mmea wenyewe bado uko mashakani. Imekuwaje? Twende polepole.

Kwanza rangi. Katika Japani ya karne ya 8 na ya 9, zambarau iliyokolea ilikuwa vazi la vyeo vya juu. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuivaa. Kulikuwa na mashamba ya mmea huu yaliyotoa mizizi kwa ajili ya serikali, na baadaye, mji wa Edo ulipokua, huo ambao leo ni Tokyo, mizizi ya uwanda wa Musashino ulio jirani ikapata sifa mpaka zambarau ya mjini ikawa na jina lake: zambarau ya Edo.

Na kazi ya kutia rangi hiyo haikuwa ya mtu mwenye haraka. Mizizi inapondwa, inakamuliwa kwenye maji ya moto, lakini si ya kuchemka. Moto ukizidi, rangi inakufa, inageuka kijivujivu. Kitambaa kinazamishwa kwenye maji ya mizizi, kinatolewa, kinazamishwa kwenye maji ya majivu, kinarudishwa tena kwenye mizizi. Mara nyingi, siku baada ya siku. Majivu ya nini? Ya mti wa kamelia, ndugu wa mchai huu wa Njombe na Kericho. Ukoo huo una tabia ya kufyonza alumini kutoka ardhini, na alumini ndiyo inayoishikisha rangi kwenye uzi. Mnaijua shabu, ile tunayoipaka usoni baada ya kunyoa? Kazi inayofanywa na shabu kwenye vyungu vya watia rangi wa nchi nyingi, huko hufanywa na majivu ya kamelia.

Sasa dawa. Mzizi uleule, watu walewale. Wachina waliutumia tangu zamani, na Wajapani wakauchukua. Kuna marhamu moja Japani inayotumika hadi leo, inaitwa shiunko, maana yake wingu la zambarau. Aliyeipa umbo linalojulikana sasa ni tabibu Hanaoka Seishu, aliyeishi kati ya 1760 na 1835. Huyu ni yule mpasuaji ambaye mwaka 1804 alimlaza mgonjwa usingizi kwa dawa za mitishamba na kumpasua uvimbe wa saratani ya titi, zaidi ya miaka 40 kabla ya usingizi wa etha kujulikana katika hospitali za Marekani na Ulaya. Marhamu yake ina mzizi wa murasaki na mzizi mwingine uitwao toki, vilivyochemshwa katika mafuta ya ufuta, pamoja na nta ya nyuki na mafuta kidogo ya nguruwe. Inapakwa kwenye vidonda vya moto, kwenye ngozi iliyopasuka kwa baridi, kwenye bawasiri.

Kwa hiyo rangi na dawa vimetoka mahali pamoja, kwenye ganda la mzizi. Na ninaomba hilo mlishike, kwa sababu ndipo balaa inapoanzia.

Fikirini hina. Dada yuko karibu kuolewa, tunakwenda kwenye mhina, tunachuma majani, tunayatwanga, tunampaka. Mhina unabaki umesimama, na mwezi ujao umechipua tena. Jani ni kama maziwa ya ng'ombe: unakamua leo, kesho unarudi. Mzizi je? Mzizi ni kama nyama. Ukitaka nyama lazima ng'ombe achinjwe. Kila chungu cha zambarau na kila kopo la marhamu vimechinja mimea, na murasaki inahitaji miaka kadhaa ardhini kabla mzizi haujanenepa kiasi cha kufaa.

Lakini tusiwasingizie wachimbaji peke yao. Mmea huu hupenda mbuga zenye majani mafupi, zile zilizokuwa zikifyekwa na kuchomwa kila mwaka kwa ajili ya malisho na kuezekea nyumba. Kilimo kilipobadilika, mbuga hizo ziliachwa zikawa msitu, nyingine zikawa mitaa. Wanaojaribu kuulima nao wanapambana na mbegu ngumu nyeupe, zinazong'aa kama kigae cha kauri, zisizoota mpaka zipitiwe na baridi. Wanapambana pia na magonjwa ya virusi yanayokunja majani na kuua shamba zima. Wizara ya Mazingira ya Japani imeuingiza kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Mmea uliolipa taifa jina la rangi, leo Mjapani wa kawaida hajawahi kuuona porini.

Sasa tuingie maabara. Na huko mtu wa kwanza kukutana naye ni mwanamke.

Anaitwa Chika Kuroda. Alizaliwa mwaka 1884 huko Saga. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, mjini Sendai, kilifungua mlango kwa wanawake, na walioingia walikuwa watatu. Kuroda alikuwa mmoja wao, na alisoma kemia. Alipopewa nafasi ya utafiti alichagua rangi za mimea, akauchukua mzizi wa murasaki. Mwaka 1918 alisimama mbele ya wanakemia wenzake mjini Tokyo, akaeleza muundo wa ile rangi. Iliitwa shikonini, kutokana na shikon, jina la mzizi huo kwenye duka la dawa. Mjerumani Hans Brockmann alikuja kusahihisha sehemu ya muundo huo mwaka 1936, na akaonyesha jambo la kustaajabisha: kuna mmea wa ukoo huohuo pwani ya Mediterania, wenye rangi ya mizizi ambayo ni shikonini ileile, ila imegeuzwa kama kiganja cha kushoto kilivyo kwa kiganja cha kulia.

Nina kisa kingine juu ya mama huyu ambacho sitaki kukiacha. Mwaka 1921 alikwenda kusoma Oxford, Uingereza. Mwalimu wake huko alikuwa William Henry Perkin, mtoto wa Perkin mwingine mwenye jina hilohilo. Na baba huyo ni nani? Ni yule kijana wa miaka 18 ambaye mwaka 1856, jijini London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Kwinini hakuipata. Alipata tope, na ndani ya tope akakuta rangi ya zambarau, rangi ya kwanza ya kiwandani kuuzwa kwa wingi duniani. Rangi za namna hiyo zilipofika Japani, watia rangi wengi wakaacha mizizi. Basi huyu binti aliyeufungua mzizi wa zambarau akaenda kukaa miguuni kwa mtoto wa mtu aliyeondoa haja ya mzizi huo. Historia imewakutanisha chumba kimoja.

Lakini subiri. Ikiwa rangi ya kiwandani iliondoa haja ya mzizi kwenye vitambaa, mbona mzizi uliendelea kutakiwa? Kwa sababu ya dawa. Rangi ya Perkin haiponyi kidonda. Ndipo tunapofika Kyoto.

Katika miaka ya 1970, mtafiti Mamoru Tabata na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walijiuliza: je, ni lazima mmea mzima? Kama kinachotakiwa ni kile kinachotengenezwa na seli za mzizi, kwa nini tusizifuge seli peke yake?

Hili si geni kwenu kama mnavyodhani. Wengi mmeona migomba iliyozalishwa maabara, ile miche inayoanzia kwenye chupa. Unachukua kipande kidogo cha mmea, unakisafisha kisibaki na kidudu hata kimoja, unakiweka kwenye chakula chenye sukari, chumvi na homoni, na chenyewe kinaanza kugawanyika. Kulingana na homoni ulizoweka, kitatoa chipukizi, au kitatoa mizizi, au kitakuwa donge tu la seli lisilo jani wala mzizi. Kwenye migomba tunataka chipukizi. Kyoto walitaka donge.

Wakalipata. Na donge likawagomea. Lilikua vizuri, lakini jeupe, bila rangi. Ikawa kazi ya kubembeleza seli, na walichogundua kinanifurahisha kila ninapokisimulia. Mwanga ulikuwa unazuia rangi. Ukiangalia vizuri, ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu mzizi haujui jua. Ukiuanika unajiona hauko nyumbani. Amonia nayo ilikuwa inazuia rangi, ingawa inasaidia seli kukua haraka. Baadhi ya homoni za kukuzia zilizuia vilevile. Shaba kidogo iliongeza rangi. Na katika donge moja, seli nyingine zilikuwa nyekundu kuliko jirani zake, basi wakawa wanachagua zile nyekundu zaidi, wanazizalisha, wanachagua tena, kama mkulima anavyochagua mahindi ya mbegu.

Mwishowe likaja wazo la matangi mawili, lililokamilishwa pamoja na wataalamu wa kampuni ya Mitsui Petrochemical. Tangi la kwanza ni la kunenepesha: chakula kingi, seli zinaongezeka, hazitoi rangi. Kisha zinahamishiwa tangi la pili, ambamo amonia haimo na shaba imeongezwa. Humo zinaacha kujali kukua, zinaanza kutoa rangi. Ukitazama kwa darubini unaona vitone vyekundu vimejipanga juu ya ukuta wa seli, kana kwamba zimetoka jasho. Shughuli nzima ilichukua kama wiki tatu. Mzizi shambani huchukua miaka, na ukikauka, shikonini yake ni asilimia 1 au 2 tu. Seli za tangini zilipita asilimia 10.

Mwaka 1983 shikonini ya tangini ikaingia sokoni. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa kitu cha thamani kilichotoka kwenye seli za mmea zilizofugwa kiwandani kuuzwa kibiashara. Narudia, mara ya kwanza duniani. Na kilichouzwa nacho zaidi ni nini? Rangi ya mdomo. Kampuni ya Kanebo ilitengeneza lipstiki yake kwa shikonini hiyo, na wanawake wakaigombea. Zambarau iliyokatazwa kwa watu wa kawaida ikawa imefika midomoni mwao.

Sasa najua kuna msikilizaji anasema: haya, lakini inatibu kweli? Swali zuri, na nitalijibu kwa uangalifu, kwa kuwa afya ya mtu si jambo la kulipua.

Kwenye vyombo vya maabara, shikonini inazuia bakteria kadhaa, wakiwemo wale wa *Staphylococcus* wanaosababisha majipu na usaha. Kwa wanyama wa majaribio inapunguza uvimbe na inaharakisha kidonda kujaa nyama mpya. Hapo marhamu ya Hanaoka inaeleweka: alichokiona kwa macho yake, maabara imekikuta. Upande wa saratani, watafiti wameona shikonini ikiua seli za saratani kwenye vyombo, hata baadhi ya zile zilizokwisha kuwa sugu kwa njia ya kawaida ya kufa. Lakini seli iliyo kwenye kisahani cha maabara si mgonjwa aliye kitandani. Kitu chenye nguvu ya kuua seli mbaya kinaweza kuua na nzuri, na mmea huu na jamaa zake wana pia sumu nyingine zinazodhuru ini zikinywewa kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtu akikuuzia unga wa mzizi wa namna hii akakwambia kunywa asubuhi na jioni saratani itaondoka, tafadhali, nakusihi kama ndugu yako, usinywe. Nenda hospitali.

Turudi kwenye lile swali nililoliacha njiani. Maabara ilitengeneza shikonini nyingi, kwa wiki tatu, bila kung'oa mmea hata mmoja. Mbona basi murasaki haijarudi mbugani?

Kwa sababu tangi liliokoa dawa, halikuokoa mmea. Hivi ni vitu viwili, na watu wengi, hata wasomi, wanavichanganya. Seli za tangini hazina ua. Hazimwaliki nyuki, hazidondoshi mbegu, na zote zimetokana na chache zilizochaguliwa kwa wekundu wake. Ukizimwaga ardhini zinaoza. Na kiwanda hakikuizuia mbuga kugeuka mtaa. Pengine, na hili ni wazo langu mwenyewe, hata kiliwapa watu utulivu wa uongo, wakafikiri shikonini ikipatikana basi murasaki imepona.

Kuokoa mmea kunataka ile kazi nyingine ya maabara, inayofanana na ya migomba: kuchukua ncha ya chipukizi, ambako virusi mara nyingi hawajafika, kuikuza kwenye chupa mpaka iwe mche kamili, kisha kuitoa nje. Na kuitoa nje ndiko kunakoumiza mioyo ya watu wa kitalu. Mche wa chupa umelelewa kwenye unyevu na sukari. Majani yake ni laini, hayana nta ya kutosha, mizizi yake haijui kutafuta maji. Ukiutoa ghafla unanyauka siku hiyohiyo. Unafunikwa kwa nailoni, unafunuliwa kidogo leo, kidogo zaidi kesho, kama mtoto anayezoeshwa shule. Na inabidi mimea mama iwe mingi na ya asili tofauti, si mmoja uliozalishwa mara elfu, la sivyo ugonjwa mmoja utaimaliza yote. Inabidi pia kuhakikisha ni wenyewe. Kuna jamaa yake wa Ulaya aliyeingia Japani, anayeota kwa urahisi na kufanana naye sana, asiyekuwa na rangi ya maana, na wawili hao huchanganya mbegu. Mtu anaweza kudhani ameokoa murasaki, kumbe ameotesha mgeni.

Kazi hiyo inafanywa, lakini bila kelele za lipstiki. Katika mji wa Taketa, kisiwani Kyushu, ambako mmea huu ulilimwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakulima wameurudisha mashambani.

Kwa nini nimewapeleka mbali hivi jioni ya leo? Kwa sababu habari ya mzizi unaong'olewa tunayo hapa kwetu. Msandali wa Afrika Mashariki unang'olewa pamoja na mizizi kwa ajili ya mafuta yake mazuri, na biashara ya magendo ilipozidi, mwaka 2013 miti hiyo ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia iliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mwiria, unaobanduliwa magome kwa ajili ya dawa ya tezi dume, ulitangulia kwenye mkataba huo mwaka 1995. Watakuja watu na kutuambia, msihofu, maabara itatengeneza. Huenda ikatengeneza kweli. Tukiambiwa hivyo, tuwaulize: mtatengeneza dawa, au mti? Tuwaulize mara mbili.

Muda wangu unaniishia. Kabla sijaondoka nina ombi. Wiki ijayo nitakuwa na mganga wa tiba asili na mtaalamu wa kitalu hapa studio, na nataka niwaulize maswali yenu. Niandikieni jina la mzizi ule ambao bibi yako alikuwa akiuchimba nyuma ya nyumba, na sasa mpaka uagizwe kutoka mbali kwa gari. Kwenu mnauitaje? Ulitibu nini? Mara ya mwisho uliuona wapi ukiwa na maua?